Ndevu za Mwali

Nyinyi mlionisema wiki nzima kwa sababu nilimwacha Mwanvua amelala kwenye kiti cha saluni, macho yamezibwa kwa miwani myeusi na taa ya Dainess imeshagusa taya lake, poleni. Taa haikuwaka. Kuna mkono ulimdaka Dainess kabla kidole chake hakijabonyeza.

"Dada, acha," sauti ikasema. "Kwa nguvu hiyo uliyoweka utambandua ngozi."

Mwanvua akavua miwani haraka. Mbele yake alisimama mwanamke asiyemjua, nusu ya kichwa imesukwa vizuri, nusu nyingine nywele zimesimama wima na kitana bado kimechomekwa humo. Alikuwa ametoka upande wa pili wa pazia, kwenye kiti cha kusukia. Alimsikia Dainess akijisemea kwamba leo anaongeza nguvu, akaruka na kichwa chake hivyohivyo.

Huyo ni Sia, daktari wa ngozi aliyehamishiwa Kigoma akitokea Moshi. Hata mwezi hajamaliza mjini, ndiyo maana Dainess alimwangalia kama mteja aliyechanganyikiwa na kumuuliza yeye ni nani hata aingilie kazi za watu.

Kwa wewe uliyeanza nasi leo, mambo yako hivi. Mwanvua ni fundi cherehani wa Ujiji, na keshokutwa anaolewa na Bilali, fundi wa injini za boti kule Kibirizi. Tangu kidato cha pili Mwanvua anaota ndevu. Tangu kidato cha pili anaamka kabla ya wenzake kuzing'oa kwa kibanio mbele ya kioo. Anayejua ni shangazi yake tu, Bi Mwanakheri, aliyemlea. Bilali hajui.

Ndipo Mwanvua alipomwendea Dainess, mwenye saluni pale mtaa wa Mwanga mjini, ambaye alitangaza kwamba ameleta leza ya kumaliza vinyweleo. Mara ya kwanza tu, leza hiyo ikamwachia taya la kushoto mistatili mitatu myeusi, imejipanga kama matofali. Na kesho wanawake wa upande wa Bilali wanakuja kumwona mwali. Dainess akamhakikishia kwamba mara ya pili, kwa nguvu zaidi, ndevu zitakwisha na alama zitafutika. Mwanvua akatoroka ndani alikowekwa, akavaa nikabu, akaja. Na sasa yuko kitini, katikati ya wanawake wawili wanaogombania taya lake.

Sia hakugombana sana. Aliizungusha mashine, akavuta kidroo kilichokuwa ubavuni, akatoa vipande vya vioo vya rangi, chungwa na nyekundu, akavipanga kwenye kiganja.

"Hii siyo leza," alisema.

"Mbona imeandikwa?" Dainess akauliza, na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi za dhahabu.

"Kaandika aliyeiuza. Leza haina haja ya vioo hivi, maana inatoa mwanga wa aina moja tu, unaokwenda pale ulipotumwa. Hii inamwaga mwanga wa kila aina kwa pamoja, kisha vioo vinachuja kidogo. Inaitwa IPL. Si mashine mbaya, lakini inatafuta weusi. Kwa mtu mweupe, weusi uko kwenye unywele, basi mwanga unaufuata unywele. Kwa huyu mdogo wangu, weusi wa kwanza kukutana nao ni ngozi yenyewe."

Dainess akacheka kwa dharau. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi wake ulikuwa mzungu. Kuna mzungu mmoja anayefuatana na sokwe kule Gombe, alikuja kwa boti mpaka mjini, akalala kwenye kiti hikihiki, akatolewa vinyweleo vya miguu yote miwili, wala hakupiga kelele. Aliondoka anajipapasa kwa furaha. Dainess akaona hapo kazi ameijua, akawafungulia mlango dada zetu wa Ujiji na Buzebazeba kwa vipimo vilevile vya mzungu.

Sia aliposikia hivyo alikaa chini. Sijui kama alitaka kucheka au kulia.

"Kwa hiyo ulijifunzia kwa mzungu, ukaja kufanyia mtihani Ujiji," alisema.

Mwanvua hakuona cha kuchekesha. Aliuliza swali moja tu lililokuwa linamkaa kooni: kuna mashine inayomfaa mtu kama yeye, au Mungu amezitengeneza zote kwa ajili ya wazungu? Sia akamwambia ipo. Iko leza ambayo mwanga wake unapita chini ya rangi ya ngozi, unazama mpaka kwenye shina la unywele, na ndiyo wanayotumia kwa ngozi nyeusi. Dar es Salaam inapatikana. Ila nayo inataka kurudiwa mara nyingi, na nayo inaunguza ikishikwa na asiyejua. Tena kabla ya yote apime damu, kwa sababu ndevu za mwanamke mara nyingine zinaanzia ndani ya mwili, na huko hakuna taa inayofika.

Kisha Sia akamwangalia vizuri lile taya. "Kabla ya kuja hapa mara ya kwanza, ulinyoa au uling'oa?"

Mwanvua akatazama sakafu.

Wenyeji wangu wa Ujiji mnajua alichokuwa anaficha. Kwao Mwanvua mwali haingii ndani na vinyweleo. Shangazi anakaa na bakuli la majivu, anachovya vidole ili visiteleze, anang'oa unywele mmoja mmoja mpaka mwali anang'aa. Bi Mwanakheri aliifanya kazi hiyo wiki iliyopita jioni, ndevu zikiwemo, na asubuhi yake Mwanvua akaenda kwa Dainess mara ya kwanza. Hakumwambia Dainess habari za majivu, na Dainess hakuuliza.

"Basi ndiyo hivyo," Sia alisema. "Mwanga unafuata unywele mpaka kwenye shina. Uking'oa shina, umeutuma kwenye nyumba iliyohamwa. Mwenzako akaona taa inapiga na hakuna kinachotokea, akaongeza nguvu. Akaongeza tena. Ungekuja umenyoa kwa wembe, pengine ungeungua kidogo kuliko hivi. Lakini kuungua ungeungua."

Dainess hakusikia maneno ya mwisho, au alijifanya hakuyasikia. Alipiga makofi. Kumbe kosa ni la shangazi mtu na majivu yake, akasema, na yeye amechafuliwa jina bure. Akamtaka Mwanvua arudi nyumbani polepole, afunge mdomo, na jioni atamletea poda ya rangi yake ya kufunikia. Mambo ya wanawake yanamalizwa na wanawake, akasema, na mwali anayejitangaza anajiaibisha mwenyewe.

Hapo ndipo hasira zilipompanda Mwanvua. Miaka yote hiyo amefunika. Amefunika kwa kibanio, kwa mtandio, kwa kiganja anapocheka. Amelipokea jeraha kwa sababu ya kufunika, na sasa anaambiwa dawa ya jeraha ni kufunika zaidi. Alishuka kitini, akaichukua nikabu yake, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Poda yako siitaki," alisema.

Nje, kwenye benchi, wasichana walikuwa wamekaa wanasubiri zamu. Wiki iliyopita baadhi yao walimuuliza Mwanvua kama inauma, naye akawajibu kwamba haina neno. Safari hii alisimama mbele yao, akageuza shavu la kushoto kwenye jua, akawaacha watazame mpaka washibe. Mmoja wao, aliyekuja asubuhi ile kwa boti kutoka Mwamgongo, alinyanyua begi lake na kuondoka bila kuaga.

Mwanvua akapanda bodaboda kurudi Ujiji, uso mtupu, upepo wa ziwa unampiga kwenye kidonda. Wapo waliomtambua. Mwali yuko barabarani, tena hakujifunika, habari hiyo ilifika Ujiji kabla ya pikipiki.

Bi Mwanakheri alimpokea mlangoni, mikono kichwani. Alilia kuhusu mwali kuonwa na watu, alilia kuhusu jirani, alilia kuhusu marehemu mama yake Mwanvua ambaye sasa hapumziki. Mwanvua alimwacha alie mpaka alipovuta pumzi, ndipo akamweleza habari ya majivu na shina la unywele.

Bi Mwanakheri akashusha mikono. Akaviangalia vidole vyake.

"Nilifanyiwa mimi, akafanyiwa mama yako," alisema taratibu. "Mimi nitajuaje habari za taa?"

Mwanvua hakuwa na lawama ya kumpa. Alimkumbatia. Lakini shangazi ni shangazi. Alipojifuta machozi tayari alikuwa na mpango: kesho mtandio utashuka mpaka kidevuni, yeye atakaa ubavu wa kushoto, na wageni wakitaka kuufunua wataambiwa mwali ana haya nyingi, wangoje siku yenyewe. Bilali akishaoa, ameoa. Mwanvua hakusema ndiyo wala hapana. Bi Mwanakheri akachukulia kuwa ni ndiyo.

Kesho yake baada ya alasiri wanawake wakaingia kwa vigelegele na ngoma, vyombo vya mwali vichwani, ua mzima ukajaa khanga na harufu ya udi. Mbele yao alikuwa Mama Bilali. Huyu ni mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha boti, na hata wavuvi wenye visirani humwamkia shikamoo kwa mbali. Aliingia chumbani na wenzake, akakaa mkekani mbele ya mwali, akanyoosha mkono kuufunua mtandio.

Bi Mwanakheri akaanza wimbo wake wa mwali ana haya. Hakuumaliza. Mwanvua alikuwa ameushika mtandio mwenyewe, akauvuta, akauweka mapajani.

Vigelegele vilikatika. Kuna aliyesema "Yallah" kwa sauti ndogo. Mistatili mitatu ilikuwa pale tayani, myeusi kuliko jana, na kuizunguka, kwa sababu asubuhi ile Mwanvua hakushika kibanio kwa mara ya kwanza tangu kidato cha pili, ndevu fupifupi zilikuwa zimechomoza.

Mama Bilali hakushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Mwanvua. Aliwaomba wenzake watoke. Akamwomba na Bi Mwanakheri atoke. Mlango ukafungwa, wakabaki wawili.

"Dainess amenieleza jana," Mama Bilali alisema. "Yule ni mikono tu. Mashine niliileta mimi."

Mwanvua alimwangalia asiamini. Lakini Mama Bilali hakuwa anatania. Aliongea kama anavyoongea na wauza dagaa, bila hasira wala haya. Mashine ni yake, saluni nusu ni yake, mabinti wa mjini wameshajiandikisha msimu mzima wa harusi, na hawezi kuacha jina lake lifukiwe kwa sababu ya shavu la mtu mmoja. Wanawake waliotoka wameshaona, basi lazima waambiwe kitu. Na kitu chenyewe alikuwa nacho.

"Utatoka pale uani, useme umeungua mawese. Nani Kigoma hajaungua mawese? Wote watakupa pole na yatakwisha. Ndevu utanyoa, mimi sitamwambia Bilali. Kesho utakuwa mkwe wangu na nitakupenda."

"Na nikikataa?"

"Nikikataliwa, nabeba nilivyovileta na wanawake wangu naondoka nao. Mwanangu hatakanyaga hapa."

Msomaji, usidhani Mwanvua ni jiwe. Alimpenda Bilali. Alimpenda tangu siku zile Bilali alipokuwa akimletea suruali nzima aishone, akijifanya hajaona kwamba haijachanika popote. Alijiona amekaa kwenye cherehani mwaka baada ya mwaka, watu wakipita na kunong'ona kwamba huyo ndiye aliyevunjiwa posa kwa sababu ya ndevu. Aliogopa sana, na sioni sababu ya kumfichia.

Kisha akajigusa taya, akazipapasa zile alama kingo zake zilizonyooka.

"Mama," alisema, "mawese yanaruka. Yanachoma tone hapa, tone pale. Mimi nimechomwa kwa rula. Hata mtoto hataamini."

"Wataamini wakiambiwa na mwenye uso."

"Mwenye uso hasemi."

Akainuka. Mama Bilali alimshika pindo la khanga, Mwanvua akalivuta taratibu, bila kumkosea adabu, akafungua mlango, akatoka uani.

Ngoma zilikuwa zimelazwa chini na hakuna aliyekuwa anazipiga. Wanawake walikuwa wamekusanyika kwenye kivuli cha ukuta wakisemezana, na walipomwona wakampisha. Mwanvua akaketi kwenye kigoda katikati yao.

Aliwaambia kwamba ana ndevu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Aliwaambia alikwenda kwa Dainess, na inayoitwa leza pale siyo leza. Akawaeleza kama Sia alivyomweleza: kwamba ile ni taa ya mwanga mchanganyiko inayomfaa mtu mweupe, na kwa ngozi zao inashindwa kutofautisha unywele na mtu. Akawaambia na habari za majivu, maana hakutaka kumwonea Dainess, na Bi Mwanakheri aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni hakuinamisha kichwa. Mwenye binti anayesubiri zamu, akamalizia, amtoe. Na asiyetoa asije kusema hakuambiwa.

Mwanamke mmoja wa Buzebazeba akatoa simu yake palepale, akaanza kumpigia binti yake. Mwingine, kijana, aliangua kicheko, akasema harusi ya mwaka huu bibi na bwana watanyoana. Wachache wakacheka naye. Mwanvua aliusubiri ule msiba wa kuchekwa alioukimbia tangu shuleni, ukafika, ukampita, na yeye bado alikuwa amekaa kwenye kigoda.

Mama Bilali akatoka chumbani. Alikuwa ameshikilia simu mbele yake, spika imewashwa, na ndani yake ikasikika injini ya boti ikinguruma.

"Umetaka watu wajue," alimwambia Mwanvua. "Basi naye ajue. Bilali, unanisikia? Huyu mwanamke wako ana ndevu. Ulikuwa unajua?"

Injini iliendelea kunguruma. Ua wote ukaitumbulia macho simu ile ndogo, na yule aliyecheka sasa hakucheka. Mwanvua akasimama, akaenda mpaka mbele ya Mama Bilali, akaongea na simu ikiwa mkononi mwa mwenyewe.

"Bilali, usimjibu mama, nijibu mimi. Ninazo tangu kidato cha pili. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaondoka. Leo nimechoka kuogopa. Kesho nitakuwa nazo, na mwakani huenda nikawa nazo. Nilikwenda kuzitoa kwa ajili yako, nikachomwa uso. Sitakwenda tena kwa ajili ya mtu. Nikienda, nitakwenda kwa ajili yangu, kwa daktari, kwa mashine ya mtu wa rangi yangu. Kama hivyo vinakushinda, useme sasa hivi, mbele ya hawa, ili wajue vyombo vya kubeba."

Injini ikazimwa. Mwanvua alisikia maji ya ziwa yakigonga ubavu wa boti kule Kibirizi.

"Umesema umechomwa," sauti ya Bilali ikatoka. Ilikuwa imebadilika. "Amekuchoma nani?"

Mwanvua akainua macho. Mama Bilali, mwanamke wa kusimamisha boti, alikuwa anatikisa kichwa polepole, midomo yake ikiumba neno bila sauti. Alikuwa anaomba. Na Mwanvua akaona wazi kile alichokuwa anapewa: angeweza kumtaja Dainess peke yake, mashine ibaki haina mwenyewe, na mama mkwe awe na deni kwake maisha yake yote. Posa ingebaki, harusi ingebaki. Ilikuwa ni jina moja tu la kulimeza.

"Muulize mama yako," Mwanvua alisema. "Yuko hapa mbele yangu."

Mama Bilali alipeleka kidole kuikata simu. Hakuwahi. Bi Mwanakheri alikuwa ameshatoka mlango wa jikoni, akaipokonya mkononi mwake, akaiinua juu ya kichwa, spika ikiwa wazi.

"Haya, Bilali mwanangu," Bi Mwanakheri alisema. "Uliza. Mama yako anakusikia, na sisi wote tunakusikia."